Tumehamisha "Toa Pesa" kutoka namba 2 kwenda 3, wanachama wamelipa mikopo bila kujua. Nisaidieni kuandika meseji

FundiMenyu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu.

Niende moja kwa moja. Nafanya kazi na saccos moja ya wafugaji, jina siweki maana ugali wangu upo hapo. Wanachama wetu wengi hawana habari na apu, wanatumia menyu ya nyota na reli kwenye simu za batani. Miaka yote Toa Pesa ilikuwa namba 2. Mwezi uliopita kamati ya mikopo ikaja na hoja kwamba marejesho yanasuasua kwa sababu Lipa Mkopo imefichwa huko chini namba 5, basi mimi na mwenzangu tukaipandisha ikakaa namba 2, Toa Pesa ikashuka 3. Kazi ya dakika kumi. Tukatesti, ikakubali, tukaenda kulala.

Kwa wanachama tulituma hii, naibandika kama ilivyo:

"Mpendwa mwanachama, tumeboresha mfumo wetu ili kukuhudumia kwa ubora zaidi. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Asante kwa kuendelea kutuamini."

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Mtu amesimama mnadani juani, mkono mmoja kashika kamba ya mbuzi aliyeshakubaliana bei, mkono mwingine simu. Anabonyeza 2, anaweka laki na nusu, namba ya siri, 1 kukubali. Hasomi kitu, hajawahi kusoma tangu ajiunge, vidole vinajua njia vyenyewe. Meseji inarudi: umelipa mkopo 150,000. Mwenye mbuzi anasubiri hela yake, na huyu anamwambia subiri kuna kitu sielewi hapa.

Mpaka saa kumi jioni nilikuwa nimepokea simu thelathini na kitu. Kuna mzee alinitukana mpaka nikaweka simu mezani nikaenda kunywa maji nikarudi bado anaendelea. Hela tumerudisha moja moja kwa mkono, siku tatu nzima.

Sasa bodi imesema Ijumaa iende meseji ya kuelewesha. Rasimu yangu hii hapa, nipeni makosa:

"Mpendwa mwanachama, kufuatia maboresho ya mfumo yaliyofanyika hivi karibuni, mpangilio wa menyu umebadilika. Tafadhali soma menyu kwa makini kabla ya kufanya muamala. Tunathamini mchango wako."

Kibaraza

Mkuu hiyo rasimu ni ile ile ya mwanzo umeivalisha suti.

Mgeni77

Nimesoma mistari miwili nikaona bora nikae pembeni nisubiri wajuzi. Kiti hiki nimeshika.

pwani_kweli

Swali dogo. Hamkuweka ukurasa wa kuuliza "unataka kulipa mkopo 150,000, una uhakika?"

FundiMenyu

Upo mkuu. Unasema "Lipa mkopo 150000? 1 Ndiyo 2 Hapana". Tatizo ukurasa wa kutoa pesa nao ulikuwa hivyo hivyo, 1 Ndiyo 2 Hapana. Kwa hiyo ile 1 ya mwisho kwao sio jibu la swali, ni sehemu ya wimbo. Mbili, kiasi, siri, moja.

Kibaraza

Basi tuanzie hapo hapo. Mtu anayeimba wimbo humwambii "tafadhali imba kwa makini". Unamwambia ubeti gani umebadilika. Meseji yako inatakiwa iwe na namba 2 na namba 3 ndani yake, basi. Hizo "kufuatia", "maboresho", "hivi karibuni" hakuna hata moja inayomwambia kidole kiende wapi. Sijui nani alitufundisha kuandika hivi, yaani mtu akiongea kibarazani anaongea vizuri kabisa, ukimpa kalamu ya ofisi anageuka karani wa mkoloni.

Na hilo neno maboresho mimi nimelichoka. Nikiona "tunafanya maboresho" akili inatafsiri "leo hutoi hela".

Shangazi Tozo

Hahahaha "usumbufu utakaojitokeza". Yaani mnajua kabisa utajitokeza na mnaujua ni upi ila hamuutaji jina.

KodiYaKoma

Nimefanya kazi upande wa kutuma meseji kwa wingi, ngoja niwatetee kidogo ndugu zangu wa ofisini maana watu wanadhani ni uvivu tu.

Meseji moja ya kawaida ni herufi 160. Ukizidi inakatwa vipande na kila kipande kinalipiwa. Una wanachama elfu ishirini, kipande kimoja cha ziada ni hela ya maana, hapo mhasibu tayari amesimama mlangoni. Halafu kuna mtego wengi hawaujui: ukiweka alama moja tu ambayo haimo kwenye orodha ya kawaida ya simu, meseji yote inahamia mfumo mwingine na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Sisi ilitukuta kwenye neno ng'ombe. Kijana aliandika kwenye Word, Word ikaipindisha ile alama ya ng' ikawa ya mkunjo badala ya ile iliyonyooka, meseji ya herufi 150 iliyokuwa inaenda kama kipande kimoja ikaenda kama vitatu. Bili ya siku ile imepanda mara tatu kwa sababu ya ng'ombe mmoja.

FundiMenyu wewe ni saccos ya wafugaji, hilo lizingatie sana.

Sababu ya pili, meseji ikipita kwa meneja, mwanasheria na mtu wa masoko, kila mmoja anatoa kitu kinachomtisha. Mwanasheria anatoa neno "tumekosea". Masoko anatoa "hutaweza". Ikitoka huko imebaki salamu na asante.

FundiMenyu

Daah ya ng'ombe sikuijua. Asante mkuu.

Na ni kweli, ile ya kwanza niliandika mimi "Toa Pesa sasa ni namba 3", ikarudi imefutwa na maelezo kwamba tusiwatishe wanachama.

Mlala Macho

Ngoja niwape ya LUKU maana humu ndani naona wote ni mafundi na hakuna anayesimama upande wa anayebonyeza.

Mnakumbuka 2024 lile zoezi la mita? Ukinunua umeme unapewa makundi matatu ya namba, kila moja tarakimu 20. Mbili za kwanza za kuirekebisha mita, ya tatu ndio umeme wenyewe. Maelekezo yalikuwa wazi, redioni walisema, mitandaoni walisema, yasiyozidi mistari mitatu: weka la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, mara moja tu, bure. Kwa kweli kwa upande wa maneno sina la kulaumu.

Lakini mimi nipo Dar, bimkubwa yupo Korogwe. Umeme namnunulia mimi. Miaka yote ninachofanya ni kukopi ile namba moja na kumtumia. Siku hiyo meseji ikaja ndefu, nikashuka moja kwa moja mpaka kwenye namba iliyo karibu na uniti, nikakopi hiyo, nikamtumia, nikaendelea na mambo yangu. Saa mbili usiku simu: mwanangu hii namba inakataa. Namwambia rudia taratibu. Anakataa. Mjukuu akashika tochi, bimkubwa anabonyeza, mimi namsomea nne nne, inakataa. Tumerudia mara tano, mpaka nikaanza kuilaumu mita na yeye anamlaumu mjukuu kwamba anatikisa tochi.

Kosa langu mwenyewe, namba mbili zimebaki kwenye simu yangu Dar. Ndipo nikamsomea zote tatu. Tarakimu 60, kwa sauti, na mtandao unakatika katika. Tulipofika ya mwisho taa ikawaka nikasikia watoto wanashangilia kama wamefunga goli.

Ninachosema, aliyepata tangazo sio aliyekuwa mbele ya mita. Mimi nilipata meseji, mama ndiye mwenye kidole. Nyie mafundi mnahesabu "meseji zimefika" mnafurahi.

KodiYaKoma

Mlala Macho hii ni dhahabu. Na kwa wasiojua kwa nini lile zoezi lilikuwepo, mita za aina ile haziangalii kalenda kama sisi. Kila namba ya umeme inabeba ndani yake hesabu ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, ndivyo mita inavyojua namba hii ni mpya au ilishatumika. Nafasi ya kuhifadhi hiyo hesabu ni biti 24, yaani dakika 16,777,216, ambazo ni miaka 32 kasoro kidogo. Zinaisha 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita ambayo haijarekebishwa ingekataa kila namba mpya. Hesabu mpya imeanzia 2014, kwa hiyo zamu nyingine ni 2045, wazee tutakuwa tumestaafu, wahangaike wengine.

Na haikuwa Tanzania peke yake, ni nchi zote zenye mita za mfumo ule, Kenya, Uganda, Afrika Kusini na nyingine nyingi.

Shangazi Tozo

Haya sasa mbona hili hamkutuambia wakati ule? Mtaani kwetu ilisemwa wanatuwekea kitu kwenye mita ili uniti ziishe haraka. Kuna baba aligoma kabisa kuweka zile namba mbili, anasema mimi mita yangu inafanya kazi vizuri siirekebishi.

Kibaraza

Na huyo baba ana akili timamu kabisa. Umempa tarakimu 40 za ziada ambazo hazileti umeme, hujamwambia za nini. Mswahili ukimnyima sababu anajitafutia mwenyewe, na ya kwake daima ni mbaya kuliko ya kwako.

KodiYaKoma

Sababu zilitolewa mkuu, ila kweli nyingi zilikuwa za kitaalamu. Mimi ningeweka moja: "mita imefika mwisho wa kuhesabu tarehe, bila namba hizi haitapokea umeme baada ya 24 Novemba." Biti 24 abaki nazo mwenye nazo.

pwani_kweli

Kulikuwa na jingine dogo lenye maumivu. Ukishaweka zile mbili za kurekebisha, namba ya zamani uliyonunua ukaihifadhi hujaiweka, haikubali tena. Mita imebadilisha ufunguo. Mtu kanunua umeme wa elfu ishirini kauweka akiba kwenye daftari, anarekebisha mita, anarudi kwenye daftari, karatasi imekuwa karatasi. Hilo lilitakiwa liwe sentensi ya KWANZA: kama una namba hujaiweka, iweke leo. Kwenye mabadiliko yoyote kitu kisichorudi nyuma ndio kinakaa mbele, hayo mengine mtu atayajua njiani.

nairobi_ndani

Wasee hapa Nairobi pia tulikuwa na hiyo ya stima, tokeni tatu kwa mpangilio. Sasa wengine wetu tunaishi kwa ploti, kuna mita kubwa ya landilodi na vimita vidogo vya kila nyumba, vya kampuni za kibinafsi. Matangazo yote yalikuwa ya mita kubwa. Sisi wa vimita vidogo hakuna aliyetukumbuka, keateka mwenyewe anatuuliza sisi. Tulikuja kujua siku tokeni zimekataa, na ilikuwa wikendi.

Kwa hiyo nauliza FundiMenyu, kuna watu wanapitia kwa mfumo wako na huwaoni kwa orodha yako?

FundiMenyu

Aisee swali zuri. Wapo. Kuna vikundi, mwenyekiti wa kikundi ndiye ana namba iliyosajiliwa, wanakikundi wanamtuma yeye. Na kuna mawakala. Hawa wote hawakupata hata ile meseji mbovu.

Wakala wa Njia Panda

Nimesoma kimya kimya toka juu, hapo kwenye mawakala naomba niingie.

Mimi nina kibanda, nina floti za mitandao mitatu na benki mbili. Nyie mnaobadilisha mifumo mjue kwamba mabadiliko yenu nayatangaza mimi, bure, bila kuambiwa. Mteja hakupigii wewe wa ofisini, anasimama hapa dirishani ananiambia dada mbona hela yangu haitoki. Mimi nayajua mabadiliko muda ule ule anaoyajua yeye, tofauti ni kwamba yeye amekasirika na mimi ndiye nipo mbele yake. Kuna siku nilifunga kibanda saa nane mchana, sio kwamba floti imeisha, nimechoka kuombwa majibu ambayo sina.

Ninavyofanya sasa hivi, nikishajua kitu kimebadilika nachukua boksi la biskuti nalikata, naandika kwa maka peni kubwa. Mfano wenu ningeandika TOA = 3, halafu chini 2 = UNALIPA MKOPO. Basi. Naning'iniza hapo kwenye nondo. Mtu akifika hata kabla hajanisalimia ameshaona.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mleta uzi, kabla meseji haijaenda kwa wanachama iende kwa mawakala siku mbili nyuma. Sisi tukijua mapema tutawasemea vizuri. Tukijua mwisho tutawasemea tunavyojisikia.

Mgeni77

Dada umemaliza. Uzi ufungwe.

Shangazi Tozo

"Tutawasemea tunavyojisikia" 😂😂 hiyo ni sera ya mawasiliano kamili.

Mjasiri wa Mkoa

Mnasahau matapeli. Siku mkituma meseji ya mabadiliko, kesho yake inaingia nyingine: "mwanachama, kukamilisha maboresho tuma namba yako ya siri kwenda namba hii." Wanasubiri vurugu zenu tu, ni watu wale wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Na mtu ataamini, maana meseji yenu halisi haina kitu cha kushika na ya tapeli ina maelekezo yaliyonyooka! Tapeli anaandika vizuri kuliko benki, mmewahi kuona hilo? Sentensi fupi, anasema fanya nini, anasema lini, anatoa namba ya kupiga.

Kibaraza

Hii imeniuma kwa sababu ni kweli.

KodiYaKoma

Basi kwenye meseji iwemo "hatukuombi namba ya siri". Inakula herufi 25 lakini hizo sizikatai.

pwani_kweli

Na kitu kingine, semeni kisichobadilika. Mnakumbuka WhatsApp Januari 2021? Unafungua simu linatokea dirisha, kubali masharti mapya mwisho 8 Februari. Kilichokuwa kinabadilika kwa sehemu kubwa ni mambo ya kuchati na akaunti za biashara. Meseji zako na mkeo zilifungwa kwa usimbaji, yaani asizisome mtu wa kati, tangu 2016 na zilibaki zimefungwa. Lakini dirisha lile mtu wa kawaida akilisoma haelewi hilo, anachoona ni kubali au uondoke. Magrupu yote yakawaka moto, wanasoma meseji zetu, hamieni Signal, hamieni Telegram. Signal walifurika mpaka namba za kuthibitisha simu zikawa zinachelewa kufika. WhatsApp ikabidi isogeze tarehe mpaka 15 Mei, na ikaanza kuwawekea watu stetasi yake yenyewe kuwaeleza kwamba haisomi meseji zao. Maelezo ya wiki nzima ya kubembeleza, wakati sentensi moja siku ya kwanza ingefanya kazi hiyo.

Baadaye Septemba 2021 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ireland ikawapiga faini ya euro milioni 225, hiyo ni kesi nyingine iliyoanza 2018, lakini kosa ni la familia hiyo hiyo, kutowaeleza watu wazi data zao zinatumikaje.

Mgeni77

Na Microsoft 2016, dirisha la kuhamia Windows 10, ukibonyeza ile X nyekundu ukidhani umekataa, kumbe ratiba ya kuhama inabaki pale pale. Mimi nilienda kula nikarudi kompyuta imebadilika sura.

Mzee wa Anga

Mnacheka na ni sawa, lakini mimi nilifanya kazi upande wa viwanja vya ndege na nikisikia "tumeboresha mfumo" mwili unasisimka.

Boeing 737 MAX waliiwekea programu inaitwa MCAS. Kazi yake ni kusukuma pua ya ndege chini ikihisi imenyanyuka mno, na ilikuwa inasikiliza kihisio kimoja tu. Kwenye kitabu cha rubani haikutajwa. Hoja ya kibiashara ilikuwa ndege ionekane ni ile ile ya zamani, ili rubani wa 737 ya nyuma ahamie kwa somo fupi la kwenye kompyuta bila kupelekwa kwenye mashine ya mazoezi. Kwa hiyo rubani anakaa kwenye kiti anachokijua, vidole vinajua njia, kama wale wa mnada wenu. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ikaanguka Indonesia, watu 189. Baada ya hapo ndio marubani wakaanza kuelezwa kuna kitu kama hicho, na maelezo yale hayakutosha. Tarehe 10 Machi 2019 Ethiopian ET302, inatoka Addis Ababa inakuja Nairobi, watu 157. Wakenya walikuwa 32, hakuna taifa lililopoteza wengi kama wao.

Silinganishi na mbuzi. Ila nasema ile tabia ya "tusiwatishe" naijua ilipotokea na naijua inapofika.

nairobi_ndani

Mzee. Nilikuwa Nairobi hiyo Jumapili. Asante kwa kuandika hii.

FundiMenyu

Nimekaa na simu mkononi nimesoma huu uzi wote mara mbili. Nimeandika upya:

"Kuanzia J3 tar 6 TOA PESA imehama: zamani 2, sasa 3. Ukibonyeza 2 utalipa mkopo. Akiba yako iko salama. Hatukuombi namba ya siri."

Nimehesabu, haifiki 160. Hakuna ng' yoyote. Mpendwa mwanachama nimemtoa, asinisamehe.

Kibaraza

Hapo sasa. Ila "kuanzia J3 tar 6" ni uongo, imeshahama tangu mwezi uliopita. Ondoa, andika "imehama". Usianze na uongo mdogo.

Shangazi Tozo

Na mama yangu "J3" hajui ni nini, atasoma jei tatu.

Wakala wa Njia Panda

Mimi nina swali la mjinga. Kwani lazima ihame?

FundiMenyu

Unamaanisha dada?

Wakala wa Njia Panda

Namaanisha nyie mlitaka Lipa Mkopo ionekane. Sawa. Watu elfu kadhaa vidole vyao vinajua 2. Badala ya kuwafundisha watu elfu kadhaa upya, si mrudishe 2 kwa mwenyewe, na anayedaiwa mumtumie meseji siku ya rejesho yenye maelekezo ya kulipa? Anayedaiwa ni mmoja, anayetoa hela ni kila mtu. Mimi kibandani chumvi iko sehemu moja miaka sita, duka likijaa nahamisha vingine.

KodiYaKoma

Nimefanya hii kazi miaka tisa na hilo swali sikuliuliza.

Kibaraza

Meseji bora kabisa ni ile ambayo haikuhitajika kutumwa. Dada nakupigia saluti.

Mjasiri wa Mkoa

Ila akubaliane na bodi kwanza, bodi za saccos nazijua, kurudisha kitu ni kukiri.

FundiMenyu

Kesho naenda kuongea nao. Nitaleta mrejesho.

FundiMenyu (siku nane baadaye)

Wakuu nimerudi.

Kikao kilichukua saa mbili. Mwenyekiti alisema tukirudisha tutaonekana hatujui tunachofanya. Nikamsomea ile ya wakala kuhusu chumvi, akacheka, akasema huyo dada yuko wapi tumwajiri. Wakakubali. Toa Pesa imerudi 2, Lipa Mkopo imerudi 5 kwake, na meseji ya rejesho sasa inasema "bonyeza 5". Na ukurasa wa kuthibitisha malipo ya mkopo tumeubadilisha, badala ya 1 sasa unaandika neno MKOPO ndio inaenda. Wamelalamika wawili tu kwamba ni usumbufu.

Mawakala tuliwaambia Jumatano, wanachama Ijumaa. Nilipita vibanda viwili nikakuta wameandika kwenye maboksi, kimoja kimeandikwa "TOA IMERUDI 2, WALIKOSEA". Sijasema kitu nimepita.

Wakala wa Njia Panda

Hahaha hiyo sio ya kwangu lakini naipenda. Ajira naomba muwasilishe maslahi kwanza.

pwani_kweli

Safi sana mkuu. Lakini kuna watu walishazoea 3 katika huo mwezi mmoja, hao imekuwaje? Namba 3 sasa ni nini?

FundiMenyu

Nunua vocha.

Shangazi Tozo

Mungu wangu.

FundiMenyu

Yule mzee aliyenitukana siku ya mnada kanipigia leo asubuhi. Ana vocha ya elfu themanini.